Kabla Uziite Bitings za Wazungu

Mkahawa wa Nairobi ukiandika neno "Cajun" kwenye menyu, bei inapanda. Kuku ni yuleyule, viazi ni vilevile vya Nyandarua, lakini juu kumenyunyizwa unga fulani mwekundu na wewe unatoa pesa ukijua umekula Amerika. Sina ubaya na mkahawa wowote, hata mimi napenda kutoka. Shida yangu ni kwamba huo unga umefunika stori ya watu weusi, wanawake hasa, waliokuwa wanapika na kuuza barabarani vile mama wa mandazi anauza pale stage. Halafu sisi huku tunakaa tunaziita bitings za wazungu.

Hii mada imenijia kwa sababu rafiki yangu alikuwa na sherehe ya kuhitimu chuo, akaniomba nimpikie vitafunio. Anajua napenda kupika na kurekodi. Nikamwambia poa, nitafanya mandazi ndogondogo, bhajia na samosa. Akakunja uso. "Zii bana, hizo ni za barabarani. Nataka kitu ya Amerika, kitu imeenda shule."

Sikubishana naye. Nilimwambia nitampikia Amerika, halafu nikaenda nikampikia barabara.

Kwanza majina, kwa sababu watu wanayachanganya. Cajun na Krioli ni vitu viwili. Watu wa Cajun ni kizazi cha Wafaransa waliokuwa wakiishi Acadia, upande wa mashariki wa Kanada, hadi Waingereza walipoanza kuwafukuza mwaka 1755. Wengi waliishia kwenye vinamasi na mashamba ya kusini mwa Louisiana, wakapika kile kinamasi kiliwapa. Krioli ni chakula cha mjini, cha New Orleans, bandari ambayo Wafaransa, Wahispania, Waafrika na wenyeji asilia walikutana, wengine wakiwa wamefika kwa hiari yao na wengine kwa minyororo. Na ukiuliza nani alikuwa jikoni ameshika mwiko, mara nyingi jibu ni mwanamke Mwafrika. Ule unga mwekundu ulipata umaarufu miaka ya 1980, mpishi wa Louisiana aliyeitwa Paul Prudhomme alipowapagawisha Wamarekani na samaki aliyepakwa viungo akachomwa kwenye kikaango cha moto mkali mpaka akawa mweusi. Prudhomme alikuwa Cajun wa ukweli, sina neno naye. Lakini baada yake dunia ilibaki na unga, ikasahau watu.

Sasa nikupeleke New Orleans ya zamani, mtaa wa French Quarter, asubuhi. Wanawake weusi wanapita na vikapu vichwani, wamevifunika kwa kitambaa ili joto lisitoroke, wanaita wateja kwa Kifaransa cha kwao kwamba calas ni nzuri na bado ni moto. Calas ni nini? Ni wali uliopikwa jana, ukapondwa, ukachanganywa na unga, mayai, sukari na kungumanga, ukakaangwa kwa mafuta mengi. Yaani ukifikiria kitumbua hauko mbali sana, ila kitumbua ni mchele mbichi ulioloweshwa na kusagwa, na calas ni kiporo. Jina lenyewe kuna wanaolifuata hadi kwa Wanupe wa Nigeria, ambao neno kara kwao ni kitu cha kukaanga. Jirani zao Wayoruba wana akara ya kunde, na Brazil, kule Bahia, wanawake wanauza acarajé kutoka mizizi hiyohiyo. Meli zilibeba watu, na watu wakabeba maarifa ya mikono yao, kwa sababu hicho hakuna mtu angewapokonya.

Sehemu iliyonifanya niache kila kitu nikasoma hadi usiku ni hii. Sheria ya Wafaransa ya 1724, ile ya kusimamia watumwa Louisiana, iliwapa watumwa Jumapili isiyo ya kazi. Siku hiyo walikuwa wanakusanyika, wanacheza ngoma na kuuziana vitu, na ule uwanja wao maarufu, Congo Square, bado upo hadi leo ndani ya bustani iliyopewa jina la Louis Armstrong. Halafu Wahispania wakaja, wakashika utawala sawasawa mwaka 1769, na wao walikuwa na utaratibu ulioitwa coartación. Mtumwa angeweza kukubaliana bei yake mwenyewe na kuilipa, hata kidogo kidogo, mpaka awe huru. Ebu soma hiyo tena. Kulipa bei yako mwenyewe.

Sasa pesa ya kulipa inatoka wapi kama wewe hulipwi mshahara? Inatoka kwa kikapu. Wanawake waliuza calas, wengine wakiwagawia mabwana zao sehemu ya mauzo, na hicho kilichobaki wakaweka. Kuna waliojinunua hivyo. Kuna walionunua watoto wao. Marekani iliponunua Louisiana mwaka 1803, ule mlango ulianza kufungwa, lakini vikapu viliendelea kupita barabarani kwa miaka mingi baadaye.

Mimi sijui kama unaweza kula kitu kama hicho halafu ukakiita tu "kitu ya Amerika".

Na bado kuna kitu kinaniudhi zaidi. Ukitafuta New Orleans leo, kitafunio utakachoonyeshwa kwanza ni beignet, ile donati ya mraba iliyofunikwa na sukari ya unga. Café du Monde wamekuwa hapo tangu 1862, watalii wanapanga foleni, na mwaka 1986 Louisiana iliitangaza beignet kuwa donati rasmi ya jimbo. Beignet ni tamu, sikatai. Ila ni mkate wa Kifaransa, na wenye kuiuza walikuwa na meza na paa. Calas, iliyokuwa na kikapu tu, ilikaribia kupotea barabarani karne iliyopita. Ilibaki kwa jikoni za familia Krioli, hadi watu kama Poppy Tooker, mpishi na mwandishi wa hukohuko New Orleans, wakaanza kuipigia debe irudi. Hata Tiana, yule wa The Princess and the Frog ya 2009 ambaye nusu yetu tulikua tukimtazama, walimpa beignet. Msichana mweusi wa New Orleans, anaweka sarafu kwenye makopo akitaka kufungua mkahawa wake, na hakuna mtu kwenye studio alifikiria kumpa calas. Jameni.

Angalau Tiana ana mtu wa kweli nyuma yake. Anatajwa sana kuwa alitokana na Leah Chase, aliyezaliwa 1923 na kufariki 2019, mpishi wa mkahawa wa Dooky Chase's, mtaa wa Tremé. Huyo mama, enzi za ubaguzi, sheria ikikataza weusi na weupe kukaa meza moja, aliwapikia kwenye chumba cha juu wote wawili wakipanga harakati za haki za kiraia. Gumbo na kuku wa kukaanga, mipango ikiendelea. Kwa hivyo mtu akiniambia chakula ni chakula tu, tusiingize siasa, mimi namwangalia tu.

Naona hii kitu kwa macho ya nyumbani pia. Mathe ameuza mandazi na viazi karai Kayole tangu kabla sijaanza darasa la kwanza. Anaamka saa tisa usiku. Sweta yangu ya shule ilikuwa inanuka mafuta hata ikifuliwa mara mbili, na high school kuna wasichana waliniita "mtoi wa mandazi" mwaka mzima. Kila muhula karo ililipwa, si kwa wakati, lakini ililipwa, na mwingine kati ya hao wasichana alifukuzwa karo mara nyingi kunishinda. Siku askari wakipita wakiwa na hasira zao, karai linamwagwa, na kesho yake mathe yuko palepale na karai lingine la kuazima. Hakuna siku amewahi kuambiwa anachopika kimeenda shule. Mimi ndiye nilienda shule. Yeye alikuwa anakaanga.

Basi tupike.

Calas: chukua vikombe 2 vya wali mweupe wa jana uliolala, ule umelegea kidogo ndio mzuri zaidi. Usitumie pilau, tafadhali. Uponde kwa mwiko lakini usiufanye uji, punje zingine zibaki. Ongeza mayai 3, vijiko vikubwa 6 vya unga wa ngano, vijiko vikubwa 3 vya sukari, vijiko vidogo 2 vya beking poda, chumvi kidogo, kungumanga ya kukwaruza na vanila ukiwa nayo. Zamani walikuwa wanatumia hamira na kuacha mchanganyiko uumuke usiku kucha, ladha inakuwa na uchachu fulani mtamu, lakini kwa gesi ya bedsitter na haraka zetu beking poda inatosha. Mafuta yawe ya moto kiasi kwamba tone la mchanganyiko likiingia linapanda juu mara moja likichemka. Dondosha kwa kijiko kikubwa, nne au tano kwa wakati, usijaze sufuria kwa sababu mafuta yatapoa na calas zitanyonya mafuta kama sponji. Zigeuze hadi ziwe rangi ya mandazi iliyoiva vizuri. Nyunyizia sukari ya unga. Zile za moto, hiyo siku hiyohiyo. Calas iliyolala inakuwa kama adhabu.

Ukitaka ya chumvi, toa sukari na vanila, weka kitunguu cha majani na pilipili. Wengine huko wanaweka hata kamba.

Ya pili ni hush puppies, na hapa ndipo nilicheka peke yangu kwa jikoni, kwa sababu kitu chote ni unga wa ugali. Si mzaha. Mahindi ni zao la wenyeji asilia wa Amerika, na Kusini mwa Marekani unga wake ndio ulikuwa chakula cha maskini, weusi kwa weupe. Utasikia hadithi kwamba jina lilitokana na kuwatupia mbwa vipande ili wanyamaze. Hiyo ni porojo tamu, usiibebe kama historia. Kabla hilo jina lienee, mwanzoni mwa karne ya 20, kulikuwa na mtu mweusi Carolina Kusini, Romeo Govan, aliyezaliwa utumwani, aliyejulikana kwa kukaangia watu samaki kando ya mto Edisto. Pamoja na samaki alikuwa anawapa vipande vya unga wa mahindi vilivyokaangwa, na wao walikuwa wanaviita red horse bread, kutokana na samaki wa huo mto. Tena mtu wa karai. Unaona vile inarudi palepale?

Kikombe 1 cha unga wa mahindi, nusu kikombe cha unga wa ngano, kijiko kidogo 1 cha beking poda, nusu kijiko kidogo cha chumvi, sukari kidogo ukitaka. Unga wa posho mill, ule haujachujwa sana, unatoa mkwaruzo mzuri kuliko wa pakiti. Wao wanatumia maziwa yaliyoganda ya siagi. Wewe tumia mala, robo tatu ya kikombe, inafanya kazi ileile na uchachu wake ndio siri yenyewe. Yai 1. Kitunguu kilichokatwa ndogo sana. Acha kwa dakika 10 ili unga unywe maziwa, halafu dondosha kwa kijiko, dakika 3 hivi, zinajigeuza zenyewe zikiiva upande mmoja.

Ukiwa bado na mafuta motoni, weka bamia. Najua, najua, nusu yenu mmefunga ukurasa kwa sababu ya ute. Ioshe nzima, ikaushe kwa kitambaa mpaka iwe kavu kabisa, ndio uikate. Itumbukize kwa mala kidogo, kisha kwa unga wa mahindi wenye chumvi, pilipili manga na paprika, na uikaange hadi ilie ukiitafuna. Ute hautauona. Na jua kitu kimoja: bamia imetoka Afrika, na ule mchuzi maarufu wa Louisiana, gumbo, wengi wanakubali jina lake limetoka lugha za Kibantu za upande wa Angola, ambako bamia ni ngombo. Yaani watu walivushwa bahari kwa nguvu, wakapoteza majina yao wenyewe, lakini jina la bamia likabaki Kibantu. Sisi tuliobaki huku, Wabantu kamili, tunatumia neno la Kiarabu. Sina la kuongeza hapo, nimelifikiria tu mara nyingi.

Ya kuchovya ni remoulade. Wafaransa wanayo yao nyeupe na ya upole. New Orleans waliichukua wakaitia wekundu na ukali. Mayonezi nusu kikombe, haradali kijiko kikubwa, tomato sosi kijiko, kitunguu saumu kilichosagwa, ndimu, paprika, pilipili kulingana na ujasiri wako. Kule wanaila na kamba baridi, lakini kamba bei yake Nairobi wacha tuwaachie watu wa Mombasa. Kwa bamia inafaa tu. Na ule unga mwekundu wa menyu, kama bado unaulilia, ni paprika, pilipili ya unga, pilipili manga, kitunguu saumu cha unga, thaimu, oregano na chumvi. Changanya kwa kopo la jam. Umemaliza.

Mayai ya deviled sitayaeleza sana. Chemsha, kata katikati, toa kiini, kiponde na mayonezi na haradali, kirudishe, nyunyizia paprika. Ni ya sherehe za kanisa huko Kusini, hadi kuna sahani maalum zenye vishimo vya kuyashika yasiteleze. Asili yake ni Ulaya, hiyo waachie. Nyanya za kijani za kukaanga pia ni nzuri, lakini usidanganywe: mapishi ya zamani yake yanapatikana zaidi kwa vitabu vya Kaskazini, na ni filamu ya 1991 iliyozipa uraia wa Kusini. Pia jiandae, mama mboga atakuuliza kwa nini umeshindwa kusubiri ziive.

Siku ya sherehe nilipanga vyote kwa masinia. Vilikwisha. Hush puppies ndizo zilikwisha kwanza, na kuna mjomba mmoja alibishana na mimi kwamba haiwezekani hiyo ni unga wa ugali. Rafiki yangu alikula calas tatu akasema ona sasa, hii ndiyo kitu nilikuwa nasema. Nikamvuta kando nikampa stori yote, Jumapili, kikapu, coartación, watoto walionunuliwa na mama zao. Alinyamaza. Halafu akasema, "Kwa hivyo ni mandazi."

Nikamwambia ndio. Ni mandazi.

Zilibaki calas chache nikazipeleka Kayole jioni, tayari zimeanza kupoa. Mathe alikula mbili bila kusema kitu, akaifungua ya tatu kwa vidole akaangalia ndani.

"Mami, hii unauza ngapi?"

"Siuzi, mum. Ni ya sherehe."

"Mayai ngapi?"

"Matatu. Kwa vikombe viwili vya wali."

Akatingisha kichwa. "Hapo hakuna faida. Toa yai moja, ongeza unga kidogo, na uzifanye ndogo. Hiyo sukari ya juu mtu alipie kando." Akafunika zilizobaki kwa kitambaa. "Na wali niachie huo wenu wa jana, usimwage. Kesho nataka kujaribu."